Mwana wa Uzee

Kazi yake ilikuwa kusoma kwa sauti, na alilipwa kwa kusoma, jambo ambalo majirani zake hawajalimeza mpaka leo. Mtu mzima, mwenye akili zake timamu, anatoka nyumbani asubuhi na mkoba wa karatasi, anaingia kwa fundi cherehani au kwa kinyozi, anaketi kwenye benchi, anasoma ukurasa au mbili, kisha anauliza, "Umesikia nini?" Akijibiwa anaandika, anashukuru, anaaga, anakwenda kwa mwingine. Mwisho wa mwezi mshahara unaingia. Walimwita Msomaji, kwanza kwa kejeli, baadaye kwa mazoea, na mwishowe hata yeye mwenyewe aliitikia jina hilo upesi kuliko lile alilopewa na wazazi.

Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la misumari na rangi. Humo walikaa wafasiri, watu wa kubishana kutwa, wakiyatoa maandiko ya kale kutoka Kiebrania na kuyaleta kwenye lugha ya kila siku, ile ya kuulizia bei na kugombezea watoto. Wao walijua maana ya maneno. Kama mtu anayepiga pasi angeyaelewa, hilo hawakulijua, na ndiyo sababu Msomaji aliajiriwa. Aliyapeleka maneno mtaani kuyaonjesha, kama mpishi anayemwomba mtu aonje chumvi.

Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya taratibu, na ilikuwa na usingizi ndani yake. Mchana wa joto wasikilizaji walifumba macho. Kinyozi aliwahi kumnyoa mteja upande mmoja tu, akasimama na mashine mkononi akitazama ukutani mpaka kifungu kikaisha. Na Msomaji mwenyewe hakuwa salama. Mdomo ulisoma, macho yalifuata mistari, lakini yeye alikuwa ameshaingia ndani ya maneno na kutembea humo, maji yakimfika vifundoni, na alipofika kwenye nukta ya mwisho ilibidi akumbuke benchi ni la nani na mtaa ni upi.

Nyumbani alikaa na mama yake. Mume wa Msomaji alikuwa ametangulia mbele ya haki, watoto wake walikuwa na nyumba zao, basi waliobaki walikuwa wao wawili, vyumba viwili na jiko, na dirisha moja kubwa lililoingiza jua la asubuhi mpaka kwenye miguu ya kiti cha bibi kizee. Mama alikuwa anaondoka kidogo kidogo ingawa alikuwa ameketi palepale. Kwanza yalimtoka majina ya vyombo, kijiko akakiita kile cha kukorogea. Kisha ikamtoka njia ya kwenda dukani. Halafu zikaanza kumtoka nyuso, na uso wa kwanza kuondoka ulikuwa wa Msomaji.

Hapo ndipo dunia ilipoonyesha haina haya. Kaka Mkubwa, mzaliwa wa kwanza, aliyekuja mara moja moja na mfuko wa matunda, mama alimtambua akiwa bado nje anafunga mlango wa gari. Alimwita kwa jina lake, la utani wake na la babu yake. Msomaji, aliyemwogesha, akamlisha na kumkata kucha, aliitwa kwa namna iliyotegemea saa. Asubuhi alikuwa dada yake mama, yule aliyekufa zamani. Jua likipanda alikuwa muuguzi. Mchana alikuwa "yule mama wa maji", kwa sababu ndiye aliyeleta beseni. Jioni alikuwa mgeni, na mama alimwambia kwa adabu zote, "Mama, si uende kwako sasa, watoto watakutafuta."

Msomaji angeweza kuvumilia, wengi wanavumilia, kama si swali moja alilolibeba tangu meno ya utoto hayajamng'oka. Alikuwa kitindamimba, na kitindamimba wa mbali, maana kaka zake na dada zake walikuwa na ndevu na matiti wakati yeye anazaliwa. Siku moja, akiwa mdogo, shangazi yake mmoja aliyekuwa akimsuka alimwambia bila kusita, "Wewe? Mama yako alipojua ana mimba yako alilia mpaka macho yakavimba." Akaendelea kusuka. Kuna watu wanakuchoma kisu huku wanakutafutia chanuo.

Hakuuliza kitu. Alipokuwa msichana aliona haya. Alipoolewa alikuwa na mambo yake. Alipofiwa, mama alikuwa ndiye wa kumbembeleza, si wakati wa kufukua. Kila mwaka alijiambia, nitamuuliza, haraka ya nini. Na mama alimpenda, hilo hakulitilia shaka, aliliona kwa macho, lakini usiku wa homa na siku za kukosana neno lile lilirudi likakaa kando ya kitanda, kwamba hakutakiwa, kwamba alipokelewa kama mgeni aliyebisha hodi watu wameshakula. Sasa hata kuuliza hakuwezekani. Utamwendeaje mtu anayekuona muuguzi ukamuuliza ulililia nini ulipochukua mimba yangu? Ilibidi kwanza ajulikane, ndipo aulize.

Na muda ulikuwa umekwisha kabisa. Kaka Mkubwa alipiga simu. Jumapili angekuja kumchukua mama. Kwake palikuwa mbali, safari ya kutwa, lakini nyumba ilikuwa kubwa, haina ngazi, mkewe hashindi kazini, na daktari anakaa mlango wa pili.

"Umechoka, mdogo wangu," alisema. "Sasa zamu yangu."

Alisema kwa upole na alisema kweli, na hilo ndilo lililomkera Msomaji. Mtu akikosea unampigia kelele, ukapata nafuu. Akiwa sahihi unabaki na simu mkononi.

* * *

Ofisini palikuwa na mtaalamu wa Kiebrania cha kale waliyemwita Bwana Wingi. Jina lilimfaa kwa umbo, maana kiti chake kilikuwa kimeimarishwa kwa waya, lakini alilipata kwa sababu nyingine. Alikuwa na mapenzi na kiambishi kimoja cha lugha ile, cha wingi, na mtu akikosea akapita karibu na meza yake saa ya chai alielezwa habari zake. Wafasiri walijifunza kupita mbali. Msomaji alijifunza kuvuta kiti.

"Ni mkia mdogo tu," Bwana Wingi alimwambia wiki ile, akichovya mkate kwenye chai. "Im. Unaubandika mwishoni mwa neno. Farasi mmoja, ukibandika mkia ni farasi wengi. Mfalme, wafalme. Hapo hatugombani na mtu."

"Mnagombana wapi?"

"Kwa maneno yaliyozaliwa na mkia. Uso. Yule mtu wa kale hakuwa na neno la uso mmoja. Anao mmoja tu, kama wewe, lakini akiutaja, anautaja kwa wingi. Na uhai hivyo hivyo. Maji, mbingu, nazo zina mkia, ingawa kuna wenzangu watakuambia huo ni wa aina nyingine, tuwaache na shida zao."

"Kwetu pia maji hayana umoja," Msomaji alisema. "Wala mate. Wala maziwa."

Bwana Wingi alifurahi mpaka mkate ukakatika ukazama. Aliutafuta kwa kijiko akiendelea kusema. Mkia ule, alieleza, hauhesabu tu, unageuza. Mti ni mti, umesimama porini. Ubandike mkia, inaweza kuwa miti, na inaweza kuwa kuni, au mbao za fundi, yaani mti ulioangushwa. Damu ni damu. Ibandike mkia, mara nyingi ni damu iliyomwagwa, na kuna mtu ana la kujibu. Bwana mwenye nyumba, mmoja tu, akitajwa kwa heshima anapewa mkia kana kwamba wako kumi. Na ziko hali za mtu ambazo hazitajwi ila kwa wingi. Upofu. Ujana. Uzee.

"Uzee kwa wingi? Kwa nini?"

"Wengine wanasema ni kwa sababu hali kama hiyo si kitu kimoja, ni siku nyingi zimeshikana. Mimi nikiwa mkweli nasema sijui." Alimtazama juu ya miwani. "Na usilewe, Msomaji, nakuona unavyoanza kulewa. Mtu wa zamani aliyesema neno hilo alikuwa ananawa uso tu akawahi kazini. Hakuwa anafikiri. Wewe ukisema nipe maji, unahesabu?"

Msomaji alisema hahesabu. Lakini alikuwa ameshalewa. Alirudi nyumbani mvua imetoka kunyesha, mtaa umejaa vidimbwi, na kila kidimbwi kilikuwa na kipande chake cha mbingu, na wapita njia walizikanyaga bila kujali. Alitembea polepole. Aliona kinyozi mlangoni ana uso wa kusubiri mteja, na mteja akifika unakuja mwingine, na ule wa kwanza hajui mtu ulikokwenda. Alimfikiria mama. Uzee wa mama yake haukuwa kitu kimoja hata kidogo, ulikuwa chumba kimejaa wazee, kila mmoja akiinuka kwa zamu kukaa dirishani, na huenda mmoja wao alimjua binti yake. Ila hakujua zamu ya huyo ni saa ngapi.

Fikra hiyo ilimfariji mpaka mlangoni. Mama aliinua macho akasema, "Umekuja kuchukua beseni?"

* * *

Kazi ya Msomaji ilikuwa na sheria moja, na sheria yenyewe ilipatikana kwa aibu. Mwanzoni mwa ajira yake alimsomea fundi cherehani kifungu ambacho ndani yake bwana mkubwa anamwinulia mtu uso. Kwa Kiebrania ni kumpokea mtu kwa wema. Fundi alifikiri, sindano mdomoni, akasema, "Amemkamata kidevu amwangalie meno."

Msomaji alicheka, na katika kucheka akamwambia, "Hapana, ndugu yangu, maana yake amempokea kwa wema."

Alikwenda kwa kinyozi. Kinyozi akasema, amempokea kwa wema. Fundi viatu akasema hivyo. Mlinzi wa lango la shule akasema hivyo. Hata muuza mkaa, ambaye hasikii vizuri na siku ile alikuwa amempa Msomaji sikio lile bovu, alisema kwa kujiamini kwamba amempokea kwa wema. Msomaji alirudi ofisini amejaa furaha. Kifungu kikapita, kikapelekwa mtaa mwingine, na huko watu wote wakamshika mtu kidevu. Ilipochunguzwa ikajulikana kwamba fundi cherehani, kwa nia njema kabisa, alikuwa amezunguka mtaa mzima akiwafundisha watu jibu, mama wa watu asije akafukuzwa kazi.

Mratibu wa ofisi, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti, alimwita pembeni.

"Ukimpa msikilizaji jibu," alisema, "utakachosikia baadaye ni sauti yako mwenyewe. Usimsahihishe mtu. Usimweleze. Soma, uliza amesikia nini, uliza kwa nini, kisha nyamaza. Akisema upuuzi, andika upuuzi."

Tangu hapo Msomaji alishika sheria hiyo kuliko wengine wanavyoshika dini. Fundi akamnunia mwezi mzima, akiona amenyimwa nafasi ya kusaidia.

Wiki ile ya mwisho, kifungu alichopewa kilihusu mzee mmoja wa kale na mwana aliyempata uzeeni, akampenda. Kwa Kiebrania neno la uzee pale lina mkia wa wingi, na Bwana Wingi alikuwa amepigana kwa siku kadhaa ili mkia ule uonekane kwa namna fulani. Alishindwa kwa kura. Karatasi ilisema tu, mwana wa uzee wake.

"Umesikia nini?" Msomaji aliuliza.

Fundi cherehani alisema, "Mtoto aliyezaliwa kazeeka. Wapo. Unamwona mchanga ana makunyanzi kama ameshafanya kazi serikalini."

Kinyozi alisema ni mtoto wa kumtunza baba uzeeni, yule asiyeoa haraka. Mlinzi wa lango alikuna shingo, akatazama chini.

"Ni mtoto asiyepangwa," alisema. "Wazee wamemaliza, wamepumzika zao, anatokea. Bahati mbaya tu, lakini utafanyaje, si unamlea?"

Sheria ni sheria. Msomaji aliandika neno kwa neno, bahati mbaya tu lakini utafanyaje, na mwandiko wake siku hiyo ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Alimshukuru mlinzi. Akapita nyuma ya ukuta wa shule akasimama hapo mpaka alipoweza kuendelea.

* * *

Ajabu ni kwamba sheria hiyo aliiacha ofisini pamoja na mwavuli. Nyumbani alisahihisha kutwa. "Mama, mimi si dada yako. Dada yako alikufa." Mama anashtuka, anafiwa upya. "Mama, mimi si muuguzi, ni mwanao. Kitindamimba wako. Nitazame." Na kadiri Jumapili ilivyokaribia ndivyo alivyozidisha, asubuhi, mchana, kijiko kikienda mdomoni, sabuni ikiwa mkononi. "Mimi nani? Sema. Mimi ni mwanao." Mama alimtazama kwa macho ya mwanafunzi ambaye hajasoma na anaona mwalimu anakuja upande wake.

Ilipofika Alhamisi aliingia na beseni, na kabla hajafungua mdomo mama alitabasamu akasema, "Wewe ni mwanangu. Kitindamimba."

Msomaji aliweka beseni chini, maji yakamwagika. Aliketi sakafuni palepale penye maji, akakumbatia miguu ya mama yake, akalia kwa furaha bila kujizuia. Mama akampapasa bega. Sasa, alijiambia, sasa hivi, muulize. Alifuta pua kwa mkono, akainua uso, na mtu akabisha hodi.

Alikuwa msoma mita za maji, mwanamume wa makamo mwenye ndevu nyingi na tochi shingoni. Mita yao ilikuwa jikoni, kwa hiyo ilimbidi apite mbele ya kiti. Mama alimgeukia na tabasamu lilelile.

"Wewe ni mwanangu," alimwambia. "Kitindamimba."

"Ndiyo, mama," alisema msoma mita, mtu aliyelelewa vizuri. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Akapita, akasoma namba zake, akaaga. Msomaji alikuwa bado sakafuni. Aliielewa ile sauti, kasi yake, ule mkazo wa mwisho kwenye kitindamimba. Ilikuwa yake. Mama alikuwa ameshika jibu ili mwalimu apunguze ukali, na kwa kutojua mwalimu ni nani alilitoa kwa kila aliyepita mlangoni. Msomaji aliona aibu, kisha akaona huruma, na huruma ikawa nzito zaidi. Alifuta maji. Hakumfundisha tena neno, siku ile wala iliyofuata.

* * *

Jumamosi mchana sanduku la mama lilikuwa limefungwa, limesimama karibu na mlango. Joto lilikuwa kali na mtaa umelala. Msomaji alikuwa amebeba vitu tangu asubuhi, sasa hapakuwa na cha kubeba. Kwenye mkoba wake kulikuwa na kifungu kile, na Mratibu alikuwa amemwambia bado wanahitaji msikilizaji mmoja, mtu mzima sana, mwanamke ikiwezekana. Utaratibu wa ofisi ulikataza ndugu, kwa sababu ndugu anamjua msomaji na atasema la kumpendeza. Msomaji aliufikiria utaratibu huo, akacheka peke yake, kicheko kisicho na raha. Huyu hamjui msomaji.

Alitoka nje, akafunga mlango, akabisha hodi.

"Karibu," mama alisema kutoka kitini. "Karibu, mama, usisimame juani."

"Asante. Mimi ni msomaji. Napita kuwasomea watu. Ukipenda nitakusomea kidogo."

Mama alinyoosha nguo yake magotini. Ilionekana ni siku nyingi hajatembelewa na mtu aliyekuja kwa ajili yake tu, si kwa ajili ya dawa yake wala beseni. "Nisomee," alisema. "Ila taratibu. Siku hizi maneno yananipita."

Alisoma taratibu. Alisoma habari za mzee na mwana wa uzee wake, na mchana ukaingia ndani ya sauti yake, pazia likijaa upepo na kuishiwa, nzi mmoja kwenye kioo, jua la asubuhi limeshaondoka miguuni mwa kiti. Mama alifumba macho. Msomaji naye aliteleza, kama kawaida yake, akawa anatembea ndani ya maneno, na safari hii hakutembea peke yake. Alipofika kwenye nukta alishika kalamu.

"Umesikia nini, mama?"

"Nimesikia habari za yule mtoto wangu mdogo," mama alisema, macho bado yamefumba. "Wa mwisho. Naye nilimpata hivyo hivyo, nimeshazeeka. Watu walinicheka sokoni." Alitabasamu. "Mtoto mwenye kelele yule. Kusema, kusema. Anaongea na kuku."

Msomaji aliandika, anaongea na kuku.

"Nililia sana nilipojua," mama alisema.

Kalamu ilisimama. Hapa ndipo alipotaka kufika maisha yake yote, na sasa alipofika miguu ilitaka kurudi. Angeweza kufunga karatasi, akasema asante, akaondoka na kutojua kwake. Sheria ilisema uliza kwa nini, kisha nyamaza. Aliuliza kwa sauti ileile aliyotumia kwa fundi na kwa kinyozi, na alishangaa kuisikia haitetemeki.

"Kwa nini ulilia?"

Mama alichukua muda. Msomaji hakumsaidia.

"Nilipiga hesabu," mama alisema. "Wale wakubwa nilijua nitawaona wakiwa watu wazima. Tutakuwa wazee pamoja, tunalalamika magoti. Lakini huyu, nikahesabu mara ya kwanza, nikahesabu tena, nikaona sitamfikia. Nitakufa yeye bado msichana. Sitamjua amekuwa mtu wa namna gani, anatembeaje, anacheka vipi akiwa mtu mzima. Nikalia mpaka macho yakavimba. Wakasema simtaki. Hata baba yake alidhani simtaki." Alifungua macho, akatazama dirishani. "Nikaona aibu kueleza. Mtu hajazaliwa, wewe unalilia uzee wake. Utaonekana mwendawazimu."

Msomaji alitaka kusema, ni mimi. Yalikuwa maneno mawili tu na yalishafika kwenye meno. Alijua yatakachofanya, kwamba macho yale yangerudi kuwa ya mwanafunzi, na mwanamke huyu aliyekuwa ameketi mbele yake, anayekumbuka kuku, angeinuka dirishani amwachie mwingine nafasi. Aliyameza. Machozi yalimtoka yenyewe, akayaacha yatoke, hakuna sheria inayomkataza msomaji kulia.

Mama aligeuka akamwona. Aliinama mbele, kiti kikalia. Kitambaa cha kichwa cha Msomaji kilikuwa kimemwangukia mabegani katika kubeba mizigo, na mama alinyoosha mkono, akamgusa nywele juu ya sikio, akazipangua kwa vidole, akichunguza.

"Wewe una mvi," alisema.

"Ninazo, mama."

"Nyingi."

"Nyingi."

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai."

Mama alitikisa kichwa polepole, kwa kijicho kidogo kisicho na ubaya, kile cha mtu anayesikia jirani amepata alichokikosa yeye.

"Basi amekuona," alisema. "Mwambie ana bahati."

"Nitamwambia," alisema Msomaji, na akainamisha kichwa, mkono ule ufike vizuri.